Pazia la Nyumba: Huzuni Iliyofichika ya Wake katika Hadithi Fupi za Marekani, 1890–1917

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna hadithi fupi zilizoandikwa na wanawake nchini Marekani kati ya mwaka 1890 na 1917 zilivyosawiri huzuni ya wake ambayo nyaraka rasmi za wakati huo hazikuinukuu. Hadithi nne zinajadiliwa: ya Mary Wilkins Freeman, ya Charlotte Perkins Gilman, ya Kate Chopin na ya Susan Glaspell. Hoja kuu ni kwamba waandishi hawa hawakuishia kueleza kuwa wake walikuwa na huzuni. Kila mmoja wao alionyesha jinsi huzuni hiyo ilivyofichwa na nani aliyeificha: sheria, utabibu, upole wa mume, au ujirani uliokaa mbali. Kwa kuzisoma hadithi hizo sambamba na takwimu za talaka, hukumu za mahakama na maandishi binafsi, makala inaonyesha kwamba ukimya wa wake katika nyaraka haukuwa dalili ya kuridhika. Ukimya huo ulikuwa na historia, na historia hiyo inaweza kuandikwa.

1.0 Utangulizi

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii ya Waswahili inaeleza kwa ufupi ugumu unaomkabili mwanahistoria wa ndoa. Nyaraka anazozitegemea, yaani daftari za ndoa, majalada ya talaka, wosia na vitabu vya sensa, humwonyesha nani alimwoa nani, lini, na mali iligawanywaje baada ya kifo. Hazimwonyeshi yaliyopita kati ya watu wawili baada ya mlango kufungwa.

Marekani ya mwishoni mwa karne ya 19 inatoa mfano mzuri wa ugumu huo, kwa sababu ni nchi iliyojitahidi kuhesabu ndoa zilizovunjika. Ripoti ya serikali kuhusu ndoa na talaka iliyotolewa mwaka 1889 chini ya Carroll D. Wright, Kamishna wa Kazi, ilihesabu talaka 328,716 zilizotolewa kati ya mwaka 1867 na 1886. Takriban theluthi mbili ya talaka hizo zilitolewa kwa wake. Hesabu hiyo iliwashtua viongozi wa dini na wanasiasa, na kwa muda mrefu imetumiwa kuwa kipimo cha matatizo ya ndoa katika nchi hiyo.

Hata hivyo, kipimo hicho kina mipaka mikubwa. Talaka ilihitaji kosa linalotambuliwa na sheria ya jimbo husika. Katika New York, kosa pekee lililoweza kuvunja ndoa kwa talaka kamili lilikuwa uzinzi. Katika South Carolina, baada ya mwaka 1878, talaka haikuwapo kabisa kwa kosa lolote. Mke ambaye mumewe hakuzini, hakumpiga wala hakumtelekeza, lakini ambaye alihisi maisha yake yakififia siku hadi siku, hakuwa na safu ya kuandikwa katika ripoti ile. Kwa mtazamo wa serikali mke huyo alikuwa ameolewa, na habari yake ikaishia hapo.

Swali la makala hii linaanzia hapo. Je, huzuni isiyo na safu katika ripoti inaweza kuchunguzwa kihistoria? Jibu linalotolewa ni kwamba inaweza, iwapo mtafiti atakubali kusoma hadithi fupi kwa nidhamu ileile anayoitumia kusomea hati za mahakama. Hadithi ya kubuni haithibitishi kwamba tukio fulani lilitokea. Inathibitisha kwamba wazo fulani liliweza kufikiriwa, kuandikwa, kuchapishwa na kusomwa katika mwaka fulani. Na pale ambapo mhariri alikataa kulichapisha, inathibitisha pia mpaka wa yale yaliyoruhusiwa kusemwa.

2.0 Mke Aliyefunikwa: Usuli wa Kisheria

Marekani ilirithi kutoka Uingereza fundisho la kisheria lililomhesabu mke kuwa amefunikwa na mumewe. William Blackstone, katika maelezo yake ya sheria za Uingereza yaliyochapishwa kati ya mwaka 1765 na 1769, alieleza kwamba mume na mke ni mtu mmoja mbele ya sheria, na kwamba nafsi ya kisheria ya mwanamke husimamishwa kwa muda wote wa ndoa. Kwa fundisho hilo, mke hakuweza kufunga mkataba, kushtaki wala kumiliki ujira wake bila mumewe. Neno lenyewe la kufunikwa linastahili kuzingatiwa. Sheria ilidai kwamba inamkinga mke, na palepale ilimwondoa machoni pa watu.

Fundisho hilo lilianza kupunguzwa nguvu katika karne ya 19. Mississippi ilipitisha sheria ya mali ya wake mwaka 1839, na New York ikafuata kwa sheria pana zaidi mwaka 1848, mwaka uleule ambao mkutano wa Seneca Falls ulidai haki za wanawake. Hata hivyo, sheria hizo zilihusu mali zaidi kuliko maisha ya ndani. Louisiana, ambako Kate Chopin aliishi katika ndoa yake, ilifuata mkondo tofauti wa sheria wenye asili ya Ufaransa na Hispania, uliotambua mali ya pamoja ya wanandoa lakini ukamfanya mume kuwa kichwa na msimamizi wake. Mamlaka hayo ya mume yalidumu hadi mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1981 Mahakama Kuu ya Marekani ilitamka kwamba yalikiuka katiba.

Hukumu za North Carolina zinaeleza zaidi kuliko sheria za mali. Mwaka 1868, katika kesi ya State dhidi ya Rhodes, mahakama ilikataa kumtia hatiani mume aliyempiga mkewe, kwa maelezo kwamba jeraha lilikuwa dogo na kwamba serikali ya nyumbani haipaswi kuingiliwa kwa mambo madogo. Mwaka 1874, katika kesi ya State dhidi ya Oliver, mahakama hiyohiyo ilitamka kwamba mume hana haki ya kumwadhibu mkewe. Kisha ikaongeza kwamba, ikiwa hakuna jeraha la kudumu, ni afadhali kuteremsha pazia, kuwazuia watu wasitazame, na kuwaacha wahusika wasahau na kusameheana. Kwa hiyo haki ilitambuliwa na pazia likateremshwa katika hukumu moja. Hadithi zinazojadiliwa hapa chini ziliandikwa upande wa pili wa pazia hilo.

3.0 Ghala na Nyumba: Uasi Uliokanwa na Mwandishi Wake

Kupanuka kwa soko la majarida baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe kuliwapa wanawake waliosoma njia ya kupata kipato bila kutoka nyumbani. Hadithi fupi iliwafaa kwa kuwa ililipwa upesi na iliweza kuandikwa kati ya kazi moja ya nyumbani na nyingine. Iliwafaa pia kwa maudhui yake, kwa sababu umbo lake hubeba tukio moja, chumba kimoja, saa moja. Ndoa iliyosimuliwa katika riwaya ilihitaji mwisho unaoiweka sawa. Hadithi fupi iliweza kuufungua mlango, kumwonyesha msomaji alichokiona, kisha kuufunga.

The Revolt of "Mother", yaani Uasi wa "Mama", ya Mary Wilkins Freeman, ilichapishwa katika Harper's Bazar mwaka 1890. Sarah Penn, mke wa mkulima wa New England, ameishi miaka arobaini katika kijumba kibovu akisubiri nyumba aliyoahidiwa. Mumewe, Adoniram, anajenga ghala jipya la mifugo palepale ambapo nyumba ingejengwa, na kila anapoulizwa anajibu kwamba hana la kusema. Akiwa safarini kununua farasi, mkewe anahamisha vyombo vyote na kuingia kuishi ndani ya ghala. Mume anaporudi analia, na kuahidi kufanya lolote mkewe atakalo.

Kilichofichika hapa si ukatili. Adoniram hajui kwamba mkewe ana huzuni, kwa sababu katika miaka arobaini hiyo Sarah ameendelea kumpikia na kumshonea kwa bidii ileile. Utimilifu wa kazi zake umekuwa kifuniko cha huzuni yake. Jambo la kihistoria lenye uzito zaidi lilitokea baada ya hadithi kuchapishwa. Mwaka 1917, katika The Saturday Evening Post, Freeman mwenyewe aliikana hadithi hiyo akisema si ya kweli, kwa kuwa wanawake wa New England wa zama zile hawakuwa na ujasiri wa namna ile. Kauli hiyo haiivunji thamani ya hadithi, bali inaigawa sehemu mbili. Huzuni ya Sarah aliiacha iwe ya kweli. Alichokikana ni ushindi wake.

4.0 Tabibu Mwema: Huzuni Inayoitwa Ugonjwa

Charlotte Perkins alizaliwa mwaka 1860 na akaolewa na mchoraji Charles Walter Stetson mwaka 1884. Binti yao alizaliwa mwaka uliofuata, na mama akaingia katika majonzi mazito yasiyokwisha. Mwaka 1887 alipelekwa Philadelphia kutibiwa na Silas Weir Mitchell, tabibu maarufu wa mishipa ya fahamu. Tiba ya Mitchell, aliyoieleza katika kitabu chake cha mwaka 1877, ilimtenga mgonjwa na jamaa zake, ikamlaza kitandani kwa majuma kadhaa, ikamlisha maziwa na vyakula vya kunenepesha, na kumkanda na kumpitishia umeme viungo ili visidhoofike. Kwa mujibu wa maelezo ya Gilman, aliporuhusiwa kurudi nyumbani aliagizwa aishi maisha ya nyumbani kadiri iwezekanavyo, asitumie akili kwa zaidi ya saa mbili kwa siku, na asishike tena kalamu wala brashi maishani mwake. Alijaribu kutii kwa miezi kadhaa na akakaribia kupoteza akili. Mwaka 1888 alitengana na mumewe na kuhamia California.

Inafaa kulinganisha tiba hiyo na ile waliyopewa wanaume. Owen Wister, aliyekuja kuwa mwandishi wa riwaya za wachunga ng'ombe, alikwenda kwa Mitchell mwaka 1885 akiwa na matatizo ya afya na mishipa ya fahamu. Mitchell alimshauri asafiri hadi Wyoming, apande farasi na kuishi nje. Mwanamume mwenye huzuni alipewa upeo wa macho, ilhali mwanamke alifungiwa chumbani.

The Yellow Wallpaper, yaani Karatasi ya Ukutani ya Manjano, iliandikwa mwaka 1890 na kuchapishwa katika The New England Magazine mwezi Januari 1892. Msimulizi ni mke asiyetajwa jina, aliyejifungua karibuni. Mumewe John ni tabibu. Kaka yake ni tabibu pia, na wote wawili wanakubaliana kwamba hana ugonjwa wa maana. Analazwa katika chumba cha juu cha nyumba ya kupanga, chenye nondo madirishani na kitanda kilichopigiliwa sakafuni. Amekatazwa kuandika, na kwa hiyo anaandika kwa siri. Hadithi nzima ndiyo maandishi hayo ya siri. Kadiri siku zinavyopita anaanza kuona mwanamke aliyenaswa nyuma ya michoro ya karatasi ya ukutani, akiitikisa kama nondo. Mwishoni anaibandua karatasi na kutambaa kuuzunguka ukuta, huku mumewe akianguka na kuzirai mlangoni.

Uhakiki mwingi umejikita katika mwisho huo. Kwa mwanahistoria, kiini kiko katika kurasa za mwanzo, katika tabia ya John. John hapigi wala hatukani. Anambeba mkewe, anamsomea, anamwita kwa majina ya mapenzi. Kila mke anapojaribu kueleza hali yake, mume anamjibu kwa upendo na kwa mamlaka ya taaluma, na majibu hayo mawili hayawezi kutenganishwa. Kumpinga tabibu kungekuwa ujinga, na kumpinga mume mpole kungekuwa utovu wa shukrani. Ndiyo maana msimulizi anaanza kujilaumu mwenyewe. Huzuni yake haijafichwa kwa kunyamazishwa. Imefichwa kwa kupewa jina lisilo lake. Katika kumbukumbu za tabibu ingeandikwa kuwa udhaifu wa mishipa, na mtafiti anayezisoma leo angepata idadi ya wagonjwa bila kujua kilichowasumbua.

Historia ya kuchapishwa kwake inathibitisha ugumu huo. Gilman alisimulia katika tawasifu yake kwamba Horace Scudder, mhariri wa Atlantic Monthly, aliirudisha hadithi kwa kuwa hakutaka kuwasononesha wengine kama alivyosononeka yeye. Vilevile, mwaka 1913 Gilman alidai kuwa alisikia Mitchell alibadili tiba yake baada ya kuisoma. Watafiti wa baadaye hawakupata ushahidi wa dai hilo katika maandishi ya Mitchell. Maelezo ya Gilman juu ya kazi yake, kwa hiyo, nayo ni chanzo kinachohitaji kuhakikiwa. Alikuwa mwanaharakati, na alitaka hadithi yake iwe na ushindi ambao shujaa wake hakuupata.

5.0 Furaha Iliyoandikwa katika Cheti: Saa Moja ya Kate Chopin

Katherine O'Flaherty alizaliwa St. Louis mwaka 1850. Baba yake alifariki mwaka 1855 katika ajali ya treni, daraja la mto Gasconade lilipoanguka, na binti huyo akalelewa katika nyumba ya wajane: mama, bibi na mama wa bibi. Aliolewa na Oscar Chopin mwaka 1870, akazaa watoto sita, akaishi New Orleans na kisha Cloutierville. Oscar alifariki mwaka 1882 akiacha madeni, na mjane akaendesha biashara yake kwa muda kabla ya kurudi kwao St. Louis na kuanza kuandika.

Aprili 1894 aliandika hadithi inayojulikana leo kwa jina la The Story of an Hour, yaani Kisa cha Saa Moja. Jarida la Century liliikataa. Vogue iliichapisha tarehe 6 Desemba 1894. Louise Mallard, mwenye maradhi ya moyo, anaarifiwa na dada yake kwamba mumewe amefariki katika ajali ya treni. Analia papo hapo, kisha anajifungia chumbani na kuketi mbele ya dirisha lililo wazi. Nje ni majira ya kuchipua: miti, harufu ya mvua, ndege, wimbo wa mbali. Taratibu wazo linamjia ambalo kwanza analiogopa, kwamba sasa yuko huru. Anashuka ngazi kama mshindi, na mlango unafunguliwa. Mumewe anaingia akiwa mzima, kwani hakuwapo kabisa mahali pa ajali. Louise anaanguka na kufa. Madaktari wanaeleza kwamba ameuawa na furaha.

Katika hadithi hii Chopin ameondoa kila sababu ambayo mahakama ingeitambua. Brently Mallard ni mume mwema, na Louise mwenyewe anakiri kwamba uso wake ulimtazama kwa upendo siku zote. Hakuna uzinzi, kipigo wala ulevi. Kinachobaki ni uzito wa utashi wa mtu mmoja juu ya mwingine, uwe umekusudiwa kwa wema au kwa ubaya. Chopin anadai, kwa lugha tulivu, kwamba uzito huo peke yake unatosha kumwonea mtu. Dai hilo halikuwa na mlango katika sheria ya jimbo lolote lililotajwa katika makala hii.

Sentensi ya madaktari ina umuhimu wa kimbinu. Msomaji anajua kwamba Louise hakufa kwa furaha ya kumwona mumewe, na kwamba hakuna mtu mwingine ndani ya nyumba ile atakayelijua hilo. Dada yake, rafiki wa mumewe, mume mwenyewe na madaktari wote watabaki na simulizi moja: mke aliyempenda mumewe kupita kiasi. Iwapo cheti cha kifo kitaandikwa, kitaandikwa hivyo. Kwa kurasa chache Chopin ameeleza jinsi hati ya uongo inavyoweza kutungwa na watu waaminifu. Mtafiti anayekuta katika barua na tanzia sifa za ndoa njema anapaswa kuikumbuka sentensi hiyo.

Hata hivyo, ni kosa kumsoma Louise kama Chopin mwenyewe. Tarehe 22 Mei 1894, mwezi mmoja tu baada ya kuiandika hadithi hiyo, Chopin alieleza katika shajara yake kwamba, kama mumewe na mama yake wangeweza kurudi duniani, angekuwa tayari kuacha kila alichokipata tangu waondoke. Papo hapo akakiri kwamba kufanya hivyo kungemlazimu kusahau miaka kumi ya kukua kwake, kukua kwa kweli. Shajara haiipingi hadithi, wala hadithi haiifichui shajara. Zote mbili zinaonyesha moyo unaoweza kumlilia marehemu na palepale kuuthamini uhuru ulioletwa na kifo chake. Uhakiki unaodai kwamba huzuni ya ndoa lazima iwe chuki kwa mume hauwezi kuueleza moyo wa namna hiyo.

6.0 Ushahidi wa Jikoni: Susan Glaspell na Kesi ya Hossack

Usiku wa tarehe 1 Desemba 1900, mkulima John Hossack alipigwa kwa shoka akiwa kitandani mwake karibu na Indianola, Iowa, na akafariki kesho yake. Mkewe Margaret alisema alikuwa amelala kando yake na hakumwona muuaji. Alikamatwa siku ya mazishi. Susan Glaspell, mwandishi kijana wa gazeti la Des Moines Daily News, aliripoti kesi hiyo hadi Aprili 1901, Margaret alipotiwa hatiani na kuhukumiwa kifungo cha maisha. Mahakama Kuu ya Iowa ilitengua hukumu hiyo mwaka 1902. Kesi ya pili, mwaka 1903, iliisha bila waamuzi kukubaliana, na Margaret akaachiwa.

Wanawake wa Iowa hawakuwa na haki ya kukaa katika baraza la waamuzi katika kesi hizo zote mbili. Jambo la pili ni zito zaidi. Margaret alikuwa amewahi kuwalalamikia majirani juu ya ukali wa mumewe, na majirani hao waliitwa kutoa ushahidi. Malalamiko ambayo wakati ule hayakumletea msaada wa kutosha yaligeuzwa mahakamani kuwa sababu ya kuua. Kesi hiyo inafunua kwa nini ukimya ulikuwa busara: mke aliyesema alikuwa akiweka akiba ya ushahidi dhidi yake mwenyewe.

Glaspell aliirudia kesi hiyo miaka mingi baadaye, kwanza katika tamthilia ya Trifles mwaka 1916, kisha katika hadithi A Jury of Her Peers, yaani Baraza la Wenzake, mwaka 1917. John Wright amenyongwa kwa kamba kitandani, na mkewe Minnie yuko mahabusu. Mwendesha mashtaka, mkuu wa polisi wa wilaya na jirani mmoja wanapekua ghorofani na ghalani kutafuta sababu. Wake wawili, Bi. Hale na Bi. Peters, wanaachwa jikoni wamkusanyie mfungwa nguo zake. Wanaume wanacheka wanapowasikia wakijadili chupa za matunda zilizopasuka kwa baridi. Lakini jikoni ndimo ushahidi wote ulimo: jiko bovu ambalo mtu alilazimika kupikia kwa miaka, sketi iliyoshonwa upya mara nyingi, viraka vilivyoshonwa vizuri hadi mahali ambapo mshono unavurugika ghafla, tundu la ndege lenye mlango uliovunjwa, na ndani ya kisanduku cha kushonea, kanari aliyenyongwa shingo, amefungwa katika hariri. Minnie aliwahi kuimba katika kwaya. Mumewe hakupenda chochote kinachoimba.

Neno la kichwa cha tamthilia, linalomaanisha mambo madogo, linaikumbusha hukumu ya Rhodes ya mwaka 1868. Mahakama ilikataa kuingilia mambo madogo ya nyumbani, na wanaume wa Glaspell wanayapita mambo madogo hayohayo wakitafuta sababu kubwa. Bi. Hale na Bi. Peters wanaisoma huzuni ya Minnie kwa sababu wanaijua lugha iliyoandikiwa: mshono, meza iliyofutwa nusu. Mwishoni wanakificha kisanduku. Hadithi haimalizi swali la haki ya marehemu, na msomaji makini hapaswi kujifanya kwamba swali hilo halipo. Ila Glaspell ameongeza hatia ambayo mahakama haina jina lake. Bi. Hale anajilaumu kwa kuwa aliishi karibu na Minnie miaka yote hiyo na hakumtembelea. Huzuni ya Minnie ilifichwa na mume, na pia na jirani aliyeiona nyumba haichangamki akaona heri apite.

7.0 Wasiosikika katika Hadithi Hizi

Pazia lililofunuliwa na waandishi hawa lilikuwa la baadhi ya nyumba tu. Wote wanne walikuwa wanawake Weupe waliosoma. Katika hadithi ya Gilman, mtoto analelewa na Mary, na nyumba inatunzwa na wifi. Kazi yao ndiyo inayowezesha mapumziko ya mgonjwa, lakini huzuni yao haiulizwi. Miongoni mwa Wamarekani Weusi, hadi mwisho wa utumwa mwaka 1865, ndoa za watumwa hazikutambuliwa na sheria, na mume au mke aliweza kuuzwa. Kwa walioachwa huru, cheti cha ndoa kilikuwa ushindi kabla ya kuwa kifungo. Mtafiti anayechukua huzuni ya Louise Mallard kuwa huzuni ya wanawake wote wa Marekani anarudia kosa la ripoti ya mwaka 1889 kwa njia nyingine. Gilman mwenyewe, aliyeandika kwa ukali juu ya utegemezi wa wake mwaka 1898, alichapisha mwaka 1908 pendekezo la kuwakusanya Weusi aliowaona wako nyuma katika kazi za lazima chini ya serikali. Macho yaliyoiona nondo ya dirisha moja hayakuiona ya jirani.

8.0 Hitimisho

Baada ya kuchapishwa, sehemu kubwa ya kazi hizi ilipotea machoni pa wasomi kwa muda mrefu. Hadithi ya Gilman ilipokusanywa na William Dean Howells mwaka 1920, ilisomwa zaidi kama hadithi ya kutisha. Ni toleo la Feminist Press la mwaka 1973, lenye maelezo ya Elaine Hedges, lililoirudisha kama hadithi ya ndoa. Kazi zote za Chopin zilikusanywa na Per Seyersted mwaka 1969, na ndani yake ikachapishwa kwa mara ya kwanza The Storm, hadithi aliyoiandika mwaka 1898 na ambayo haikuchapishwa maishani mwake. Kwa hiyo huzuni hiyo ilifichwa mara ya pili, safari hii na uhakiki, na ilihitaji harakati za wanawake za miaka ya 1960 na 1970 ili isomeke.

Makala hii imeonyesha kwamba kila hadithi iliutaja mkono wake ulioshika pazia. Kwa Freeman ni kazi iliyotimizwa vizuri mno. Kwa Gilman ni tabibu mwema. Kwa Chopin ni wema wa mume na tafsiri ya madaktari. Kwa Glaspell ni sheria inayodharau mambo madogo na jirani asiyebisha hodi. Mikono hiyo ilikuwa na majina, tarehe na taasisi, na kwa sababu hiyo ni mada ya historia kama ilivyo mada ya uhakiki wa fasihi. Funzo la kimbinu kwa watafiti ni kwamba ukimya wa mke katika jalada usihesabiwe kuwa jibu. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Na anayeingia katika nyumba za Marekani ya 1890 hadi 1917 atafanya vyema aanzie jikoni, mahali ambapo wapelelezi wa Glaspell walipita wakicheka.